Dhahabu kwa tajiri, sumu kwa mama: Nani atajibu kuhusu zebaki ya Migori?

Na Mwandishi Wetu

UMEWAHI kuitazama pete iliyo kidoleni mwako ukajiuliza ilikotoka? Hatusemi duka la sonara, kwani hapo ni kituo cha mwisho tu. Huenda safari ya dhahabu hiyo ilianzia katika shimo lenye giza huko Nyatike, kaunti ya Migori, na kabla ya kumfikia sonara ikapitia mikononi mwa mama aliyeinamia karai la maji ya tope, akiikanda kwa viganja vitupu pamoja na kitu kizito kinachong'aa mithili ya fedha iliyoyeyuka.

Kitu hicho ni zebaki. Wengi wetu tuliijua shuleni, ikipanda na kushuka ndani ya kipimajoto cha kioo, na mwalimu akatuonya tusiiguse kipimajoto kikivunjika. Katika machimbo ya Macalder, Osiri na Masara, zebaki hununuliwa kwa gramu ikiwa ndani ya kichupa au kipande cha nailoni, na hushikwa kama mpishi anavyoshika chumvi.

Kazi yenyewe ni hivi. Wanaume hushuka shimoni na kupandisha mawe. Mawe husagwa kwa mashine hadi yawe unga, kisha unga huo husafishwa kwa maji juu ya ubao wa mteremko uliotandikwa magunia ili punje nzito za dhahabu zinase. Kinachobaki huoshwa ndani ya karai, na kazi hiyo ya maji mara nyingi ni ya akina mama, wengine wakiwa na watoto mgongoni. Hapo ndipo zebaki hutiwa. Ina tabia ya ajabu: huikumbatia dhahabu na kuacha mchanga. Mama huikanda, akaikamua kwa kitambaa, na kubaki na kidonge cheupe kigumu kilicho nusu dhahabu, nusu zebaki, au karibu na hapo.

Kidonge hicho lazima kichomwe. Zebaki huchemka kwenye joto la nyuzi 357 za Selsiasi, kiwango ambacho jiko la makaa lililopulizwa vyema hukifikia bila taabu. Mvuke huondoka usioonekana wala kunusika, na dhahabu hubaki. Kidonge kikichomewa nyumbani, jiko ni lile lile la kupikia uji. Mvuke hukaa kwenye paa la mabati, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye blanketi la mtoto. Ukipoa, hurudi kuwa zebaki na kuanza kupaa tena polepole, siku baada ya siku.

Kulingana na makadirio ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018, wachimbaji wadogo wa dhahabu ndio chanzo kikubwa kuliko vyote vya zebaki inayotoka mikononi mwa wanadamu na kuingia hewani duniani, takriban asilimia 38. Si viwanda vya makaa ya mawe, si viwanda vya saruji. Ni watu wenye makarai. Na papo hapo ndipo ubishi wa makala haya unapoanzia, kwa maana takwimu kama hiyo inaweza kumfanya msomaji wa mjini aamini kwamba mkosaji amekwisha kupatikana, naye ni mama wa Nyatike.

Chupa isiyo na jina

Hebu tuulize jambo dogo. Zebaki hiyo imetoka wapi? Haichimbwi Nyatike. Haichimbwi popote nchini Kenya. Ardhi ya Migori ina dhahabu, na pia shaba: mgodi wa Macalder, uliofungwa mwaka 1966, ulitoa zote mbili. Lakini zebaki ni bidhaa ya kutoka nje. Iliyeyushwa na mtu, ikauzwa na mtu, ikapita kwenye bandari au mpaka ambao una maofisa wa serikali.

Katika biashara ya kimataifa, zebaki husafirishwa tangu jadi katika chupa za chuma zenye ujazo wa kilo 34.5. Kwa karne nyingi chimbuko lake kuu lilikuwa mgodi wa Almadén nchini Uhispania. Nchi za Ulaya zilipiga marufuku kuuza zebaki nje kuanzia Machi 2011, na Marekani ikafuata Januari 2013. Milango hiyo ilipofungwa, mingine ilifunguka: migodi midogo ya Mexico na Indonesia ikaongeza uzalishaji. Bidhaa huingia bara letu ikiwa na karatasi zinazosema ni ya matabibu wa meno au maabara, au huvuka mpaka bila karatasi yoyote. Ikifika Nyatike imekwisha kugawanywa mara nyingi hata ile chupa ya chuma imesahaulika. Hakuna nembo. Hakuna jina la kiwanda, wala onyo, wala anwani ya mtu wa kushtakiwa.

Unaponunua dawa ya kunguni pale dukani, hata iwe ya bei ya chini namna gani, kuna kibandiko. Kikikosekana, una haki ya kulalamika, kwa kuwa kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika kuhusu bidhaa na kulindiwa afya yake. Mama wa Nyatike ni mnunuzi pia. Anauziwa kemikali ambayo ingemfanya fundi wa maabara avae glavu na barakoa, na muuzaji hamwambii neno.

Madhara yake hayaji kwa kishindo, ndiyo maana watu hupuuza. Mvuke wa zebaki hupitia mapafuni hadi kwenye damu na ubongo. Mikono huanza kutetemeka, usingizi hupaa, hasira huzidi, kumbukumbu hupungua. Figo huumia. Mwanamke mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni. Jirani atasema ni malaria, au pombe, au amerogwa. Wauguzi wa zahanati ndogo hawana kifaa cha kupima zebaki kwenye mkojo, na kwa hiyo ugonjwa huo hauandikwi kitabuni. Na ugonjwa usioandikwa hauwezi kupelekwa mahakamani.

Paka waliocheza ngoma

Ili kuelewa kwa nini jambo la kuandika ni kubwa hivyo, hatuna budi kusafiri hadi Japani, katika mji wa wavuvi uitwao Minamata. Kampuni ya Chisso ilikuwa na kiwanda hapo kilichotengeneza kemikali iitwayo asetaldehaidi, ambayo ilitumika kutengeneza plastiki na bidhaa nyingine. Zebaki ilitumika kuharakisha kazi hiyo. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1968, maji machafu ya kiwanda yalimwagwa baharini.

Katika miaka ya 1950 wavuvi waliona jambo la kioja. Paka wao walianza kuyumbayumba, kurukaruka kama wanaocheza ngoma, kisha kutumbukia majini na kufa. Baadaye ikawa zamu ya watu. Mei 1, 1956, hospitali ya kiwanda hicho hicho iliripoti rasmi kuwepo kwa ugonjwa wa ajabu wa ubongo. Watoto walizaliwa wakiwa na viungo vilivyopinda ilhali mama zao walionekana wazima.

Mkuu wa hospitali hiyo alikuwa Daktari Hajime Hosokawa. Mwaka 1959 aliamua kufanya jaribio rahisi mno: alichukua maji taka ya kiwanda na kuyachanganya na chakula cha paka. Paka aliyejulikana kama nambari 400 akaugua ugonjwa ule ule. Wakuu wa kampuni wakaelezwa. Badala ya kufunga bomba, walizuia majaribio yasiendelee na matokeo yakafichwa. Desemba mwaka huo huo, kampuni iliwapa familia za wagonjwa walichokiita pesa za pole, kwa mkataba uliosema kwamba hata kama ingegunduliwa baadaye kuwa kiwanda ndicho chenye makosa, hawatadai zaidi. Wavuvi walikuwa na njaa, maana hakuna aliyenunua samaki wao. Wakatia sahihi.

Bomba lilimwaga kwa miaka mingine tisa. Serikali ya Japani ilikubali hadharani kwamba kiwanda ndicho chanzo mnamo Septemba 1968, miezi michache baada ya Chisso kuacha yenyewe kutengeneza kemikali ile. Mwaka 1970 Hosokawa, akiwa mgonjwa kitandani hospitalini, alitoa ushahidi kuhusu paka nambari 400. Na mnamo Machi 20, 1973, mahakama ya wilaya ya Kumamoto iliamua kwamba Chisso ilikuwa na hatia ya uzembe, na kwamba ule mkataba wa pesa za pole haukuwa na nguvu yoyote, kwani ulikwenda kinyume cha utu. Wakuu wawili wa zamani wa kampuni walihukumiwa baadaye katika kesi ya jinai. Serikali yenyewe haikuponyoka: mwaka 2004, mahakama kuu kuliko zote nchini humo iliamua kwamba serikali na jimbo la Kumamoto walikuwa na lawama kwa kutozuia uchafuzi walipokuwa na uwezo wa kufanya hivyo.

Tazama miaka hiyo, msomaji. Ugonjwa 1956, hukumu ya kwanza 1973, hukumu dhidi ya serikali 2004. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule ugonjwa ulipotangazwa alikuwa na umri wa miaka 48 serikali ilipoambiwa imekosa. Hata hivyo, wananchi wa Minamata walikuwa na kitu ambacho watu wa Migori hawana. Walikuwa na bomba moja. Mtu aliweza kusimama ufukweni, akanyoosha kidole, akasema: ni pale.

Mgeni kutoka Minamata

Miongoni mwa madaktari waliotumia maisha yao kuwatetea wagonjwa wa Minamata alikuwepo Masazumi Harada. Wengi hawajui kwamba daktari huyu alifika hadi Ziwa Victoria. Katika miaka ya 1990, habari za zebaki katika machimbo ya dhahabu ya Tanzania zilipoenea, yeye na wenzake walipima nywele za wachimbaji, wavuvi na wakazi wa mijini kando ya ziwa, na baadaye wakaja upande wa Kenya.

Walichokikuta kiliwashangaza. Samaki wa ziwa hawakuwa na zebaki ya kutisha. Baadhi ya wachimbaji walionyesha dalili, naam. Lakini miongoni mwa waliokuwa na zebaki nyingi ajabu kwenye nywele walikuwepo watu ambao hawakuwa wachimbaji kamwe, hasa wanawake. Kilichowadhuru kilikuwa bafuni: sabuni ya kung'arisha ngozi, yenye zebaki ndani yake, iliyotengenezwa Ulaya. Utafiti wao kuhusu Kenya ulichapishwa mwaka 2001. Kikulacho ki nguoni mwako, na mara nyingine ki kwenye kisahani cha sabuni.

Msomaji aliyekuwa kijana wakati huo atazikumbuka sabuni hizo, zilivyopangwa madukani na kusifiwa na mashangazi. Sheria za Ulaya zilikataza sabuni za namna hiyo kuuziwa watu wa huko, lakini hazikumkataza mwenye kiwanda kuzitengeneza na kuzipakia melini kuja kwetu. Ni hadi mwaka 2003 ndipo Jumuiya ya Ulaya ilipokataza kabisa kuuza nje sabuni za urembo zenye zebaki. Kwa lugha nyingine, kwa miaka mingi ngozi ya Mzungu ililindwa na sheria ile ile iliyoruhusu yako ichubuliwe. Hapo hapakuwa na shida ya kutojua mkosaji. Kiwanda kilikuwa na jina, lilichapishwa kwenye karatasi ya kufungia sabuni. Figo zilizoharibika ndizo zilizokosa mtu wa kuzisemea.

Samaki wa Homa Bay

Na hapa ni lazima tuwatendee haki ndugu zetu wa Homa Bay. Kila habari za zebaki zinapotoka, mnunuzi wa Nairobi humwangalia mbuta au omena kwa jicho la shaka. Mto Kuja, ambao juu huko Kisii huitwa Gucha, huungana na Mto Migori na kumwaga maji yake ziwani huko Nyatike. Kaskazini ya hapo ni fuo za Gwassi, Sindo, Mbita, Rusinga na Mfangano, ambako familia nyingi mno hutegemea wavu na taa ya usiku. Tope la machimbo huenda na mto. Hilo halina ubishi.

Lakini tope kwenda ziwani si sawa na samaki kuwa sumu. Ili zebaki imfikie samaki kwa kiwango cha hatari, lazima kwanza vijidudu vilivyomo matopeni viigeuze kuwa zebaki ya methili, ile ya Minamata, kisha ipande ngazi kwa ngazi: mdudu, samaki mdogo, samaki mkubwa, binadamu. Vipimo vilivyofanywa kwa miaka mingi katika Ziwa Victoria vimekuta viwango vya chini katika samaki wengi wanaoliwa, na omena, ambaye ni mdogo na huishi muda mfupi, hana nafasi ya kurundika sumu nyingi kama samaki mkubwa mla wenzake. Mama mjamzito wa mjini hana sababu ya kumwacha omena kwa hofu hii. Anayestahili wasiwasi wetu ni yule anayevuta mvuke jikoni, tena leo, wala si baada ya miaka.

Wavuvi wana sababu ya kuogopa uvumi. Mwaka 1999 iligunduliwa kwamba baadhi ya watu walikuwa wakimwaga dawa za kuua wadudu ziwani ili wapate samaki kwa urahisi. Jumuiya ya Ulaya ikafunga soko lake kwa samaki wa Kenya, Uganda na Tanzania. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Viwanda vya minofu vilisimama, bei ikaanguka ufuoni, na aliyelala njaa ni mvuvi aliyekuwa hajawahi kuishika dawa hiyo mkononi. Waliotengeneza na kuuza dawa zile hawakupoteza hata senti.

Kwa hiyo ikija siku ambapo tope la Nyatike litapimwa na kukutwa baya, watu wa Homa Bay watakuwa na kesi yao wenyewe, kando na ile ya wachimbaji. Watataka kujua mapema wamdai nani.

Sheria inasemaje?

Zamani mwananchi wa kawaida hakuwa na mlango. Mwaka 1989 marehemu Profesa Wangari Maathai alikwenda mahakamani kuzuia jumba la ghorofa 60 lisijengwe katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi. Kesi ilitupwa. Sababu? Kwamba yeye hakuwa na haki ya kushtaki, kwa vile hakuonyesha ameumizwa vipi yeye binafsi na jengo hilo. Jumba halikujengwa hatimaye, lakini si kwa nguvu za mahakama.

Sheria ya usimamizi wa mazingira ya mwaka 1999 ilianza kuubomoa ukuta huo, na Katiba ya mwaka 2010 ikaumaliza. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinasema yeyote anayeona haki hiyo inavunjwa, au inaelekea kuvunjwa, anaweza kwenda mahakamani, na halazimiki kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Soma tena hapo mwisho. Hungoji paka acheze ngoma.

Je, maneno hayo yana meno? Waulize wakazi wa Owino Uhuru, mtaa wa mabanda huko Mombasa. Mwaka 2007 kiwanda cha Metal Refinery EPZ kilianza kuyeyusha betri kuukuu za magari kando ya nyumba zao ili kupata madini ya risasi. Moshi na maji machafu yaliwaingia watoto damuni. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa hapo na ambaye mwanawe mchanga aliugua, aliacha kazi na kuanza kupiga kelele. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, naye mwaka 2015 akapewa tuzo ya kimataifa ya mazingira ya Goldman. Lakini kufungwa kwa kiwanda hakumtibu mtoto, wala tuzo haimlipi mjane. Kesi ikaendelea.

Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya Sh1.3 bilioni na kuagiza mazingira yasafishwe, la sivyo zitolewe Sh700 milioni za kazi hiyo. Mahakama ya Rufaa iliitengua fidia hiyo mwaka 2023. Desemba 2024, Mahakama ya Juu ikairudisha.

Linalotuhusu zaidi ni namna lawama ilivyogawanywa katika hukumu ya 2020. Kiwanda kilibebeshwa asilimia 25. Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMA, ilibebeshwa asilimia 40, sehemu kubwa kuliko ya kiwanda chenyewe! Wizara husika pia hazikusazwa. Hoja ni nyepesi kueleweka hata na mwanafunzi wa darasa la nane: aliyepewa kazi ya kulinda lango akasinzia, naye ni mdaiwa.

Sasa rudi nayo hoja hiyo Migori. Ukosefu wa bomba si ukosefu wa mshtakiwa. Zebaki ilipita langoni. Kuna aliyetoa kibali cha kuiingiza, au aliyeshindwa kuikamata ikipita. Kuna mfanyabiashara wa dhahabu anayewapa wachimbaji zebaki kwa mkopo ili wamuuzie yeye dhahabu. Mkopo ni kamba. Mchimbaji hana hiari. Mtu huyo ana duka, ana simu, ana hesabu za benki. Mbona msako ukifanywa wanaonaswa huwa ni vijana wa shimoni?

Tena kuna wengine wenye anwani safi kabisa. Mchanga uliokwisha kuoshwa na mama bado una dhahabu kidogo, na wenye mitambo ya sianidi huununua kwa bei ya chini ili waimalizie. Mchanga huo una zebaki ya zamani. Sianidi huiyeyusha zebaki pamoja na dhahabu na kuifanya isafiri kwa urahisi zaidi majini. Ndiyo sababu Mkataba wa Minamata, uliopitishwa huko Kumamoto Oktoba 2013 na kuanza kutumika Agosti 2017, umeorodhesha jambo hilo kati ya matendo mabaya yanayotakiwa kukomeshwa, sawia na kuchoma vidonge katika makazi ya watu. Kenya iliutia sahihi mkataba huo siku ya kwanza, na kuuidhinisha mwaka 2023. Mtambo wa sianidi hauhamishwi usiku kama karai. Una matangi, una mwenye shamba, unapaswa kuwa na leseni na ripoti ya athari za mazingira. Ukivuja, kuna mtu wa kuandikiwa barua ya wakili.

Ng'ambo ya mpaka wa Isebania jambo hilo limekwisha kuonekana. Mei 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodi mkubwa wa North Mara huko Tarime, Tanzania, hadi Mto Tigithe, ambao huingia Mto Mara. Miaka kumi baadaye, Mei 2019, serikali ya Tanzania iliutoza mgodi huo faini ya Sh5.6 bilioni za nchi hiyo kwa uchafuzi. Hata hivyo, faini huingia kwenye hazina ya serikali. Fidia ndiyo humfikia mwenye ng'ombe aliyekufa. Ni vitu viwili tofauti, na wananchi wengi huvichanganya.

Mkataba wa Minamata wenyewe una kasoro hiyo. Umebeba jina la mji ulioteswa, lakini hauna mfuko wala kifungu cha kumlipa aliyeumia. Unazibana serikali zipunguze. Hauwabani waliotengeneza walipe. Kazi hiyo imeachiwa mahakama za nyumbani.

Jiko litoke nje kwanza

Kesi huchukua miaka, na mvuke haungoji hakimu. Kuna kifaa rahisi cha chuma, chungu kilichofungwa chenye bomba la kupoza, ambacho hukamata mvuke wa zebaki na kuugeuza kuwa zebaki tena. Mchimbaji hupona na hela yake hubaki mfukoni, kwa sababu zebaki hiyo hutumika upya. Kuna pia meza za kutikisika zinazotenga dhahabu kwa maji na uzito tu. Mradi wa planetGOLD, unaosimamiwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, ulichagua Migori kuwa mojawapo ya kaunti za kufundishia njia kama hizo, pamoja na Kakamega, Vihiga na Narok. Ni jambo jema, ingawa mashine bila mkopo nafuu ni pambo. Mama anayelipwa kwa karai hawezi kuinunua, na yule anayemkopesha zebaki hana haja ya kuona anaiacha.

Hadi hapo, asiyeweza kuiacha angalau asichome ndani ya nyumba, wala kwenye sufuria ya chakula, na mjamzito na watoto wakae mbali kabisa na upepo wa moshi huo.

Na kuhusu ushahidi, wenye kutaka kudai kesho waanze leo. Tarehe. Mahali. Jina la aliyeuza zebaki na bei aliyouza. Picha ya maji yanayotoka kwenye tangi la sianidi, ikiwa na siku yake. Kadi za kliniki za watoto wasiokua vyema, na barua kwa daktari wa kaunti kuomba mkojo upimwe huko kwenye maabara kubwa. Owino Uhuru ilishinda kwa damu iliyopimwa na udongo uliopimwa, karatasi juu ya karatasi. Lalamiko linaweza kupelekwa kwa Kamati ya Kitaifa ya Malalamishi ya Mazingira bila wakili, na Mahakama ya Mazingira na Ardhi ina majaji wake Migori mjini na Homa Bay mjini, nauli ya matatu tu kutoka machimboni na kutoka ufuoni.